Waandike Kabla Hawajaingia Majini

Baba yangu mpendwa,

Leo nimefanya kazi yako, na nimechelewa kuianza. Ungekuwepo ungenicheka kwanza, halafu ungeniuliza kama nimekula.

Unakumbuka kibanda chako kwenye geti la josho, kule Butiama? Wafugaji walifika na ng'ombe wao asubuhi na mapema, wewe umekaa na daftari lako lenye jalada jeusi, na hakuna mnyama aliyegusa maji ya dawa kabla hujaandika: mwenye ng'ombe ni nani, ametoka wapi, kaja na wangapi, saa ngapi. Watu walinung'unika. Wengine walikuambia uwaandike wakitoka, kwani shida iko wapi. Ukawajibu bila kuinua kichwa, "Akishaingia majini umechelewa. Mimi naandikaga getini." Hata mimi niliyekuletea ugali na dagaa uliniandika: "Binti yangu, saa sita, chakula." Niliona ni ubishi wako tu.

Hadi siku mtamba wa jirani yetu alipotoka majini na kutimkia porini. Mzee wa watu akasema amekuja na tisa, wenzake wakasema ni wanane, anataka kuwasumbua. Ukafungua daftari. Tisa. Foleni nzima ikaenda kumtafuta, na jioni akapatikana kwenye shamba la mtama.

Sasa nipo Musoma, ofisini Mwisenge, natunza mfumo wa wafugaji. Mtu anajaza fomu kwenye simu, ombi linafika kwenye seva yetu, daktari wa mifugo anatumwa. Niliutengeneza mwenyewe, Baba, na nikajivuna nao. Nilipanga ombi lipokelewe, lishughulikiwe, na likikamilika ndipo liingie kwenye kumbukumbu. Yaani niliwaandika wakitoka.

Mwezi uliopita mama mmoja wa Bunda alipiga simu. Ng'ombe wake wa maziwa alikuwa na homa, ametuma ombi mara mbili, hakuna aliyekuja. Nikatazama kumbukumbu, jina lake halimo. Nikamwambia kwa ile sauti ya ofisini, "Mama, hujatuma."

Akanijibu, "Nimetuma, mwanangu. Mimi sidanganyagi juu ya ng'ombe zangu."

Kesho yake ng'ombe akafa.

Maneno yake hayakuniacha. Nikajaza fomu mwenyewe, nikaacha nafasi katikati ya namba ya simu kama watu wanavyoandika kwenye karatasi. Ombi likakwama hapo hapo, kabla ya kufika mahali pa kuandikwa. Kumbe mama wa watu alifika getini mara mbili, na mimi nikamwambia hakuja. Niliona aibu, Baba, aibu ya kweli.

Nimegeuza mpangilio. Sasa kila ombi linaandikwa likifika tu: saa, limetoka wapi, linataka nini. Ndipo linashughulikiwa, na likikwama, linakwama likiwa limeshaandikwa. Kisha nikapanda basi kwenda Bunda kumwomba radhi. Alinipa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo nikituma tena, itajulikana nilikuja?"

"Itajulikana, mama."

Hakusema kama amenisamehe, na sikumuuliza. Alinifungia viazi vitamu nije navyo Musoma.

Leo asubuhi jina lake limeingia. Ndama aliyeachwa na yule ng'ombe anaharisha. Ombi limekwama tena, safari hii kwa sababu ya picha kubwa aliyoiambatanisha, na hilo nalo nitalirekebisha. Lakini mstari wake ulikuwepo: Bunda, saa mbili na dakika kumi, ndama mgonjwa. Nikampigia kabla hajanipigia.

"Umejuaje?" akauliza.

Nikamwambia baba yangu alikuwa mtu wa getini.

Daktari yupo njiani sasa hivi. Nimekukumbuka sana leo, Baba. Pumzika.

Ni mimi,
binti yako, saa sita, chakula.