Makochi Saba ya Jirani na Rafiki Anayekuja kutoka Kakuma

Shangazi Chepkirui mpendwa,

Nakuandikia kutoka Lodwar uniokoe kabla mwezi huu wa nane haujaisha, na kabla hujauliza mimi ni nani, mimi ndiye yule Mama Byron ambaye kijana wake amekuwa wa kwanza darasani mihula mitatu mfululizo, na binti yake Carol anasomea uuguzi Eldoret, sijisifu, natoa tu anwani.

Carol ndiye aliyeninunulia simu ya intaneti mwaka jana, akaniingiza kwenye kundi la Facebook la wanawake wanaofuma vitambaa vya makochi. Nikaweka picha ya kitambaa changu cha kwanza, wanawake mia moja na tisini wakasifu, wengine hata wa Mombasa, lakini mmoja, Akuwam, mwalimu wa chekechea hapo Kakuma, akaniandikia pembeni kwa salamu yao ya Kiturkana: "Ejok, Mama Byron. Pembe ya kushoto umeikaza sana. Fumua." Nilikasirika, nikakaa siku mbili bila kumjibu, siku ya tatu nikafumua, ikakaa sawa, na tangu hapo ni miezi tisa hatujakosa kuongea hata siku moja, ya vitambaa, ya joto, ya watoto wangu. Shangazi, mimi ni mke wa mfanyakazi wa serikali, Barasa amehamishwa mara nne, na hata tukitulia sisi, majirani ndio wanahamishwa, ukishamzoea mtu unaona lori limekuja kubeba vitanda vyake. Huyu ndiye rafiki wa kwanza ambaye hakuna barua ya uhamisho inaweza kumtoa kwangu. Hata nilipolala na malaria mwezi wa tano, alimtuma binamu yake Ekiru, mwenye bodaboda hapa mjini, akaniletea maziwa ya mbuzi siku nne na kuyachemsha mwenyewe.

Sasa shida. Vitambaa nafuma mimi, hapo hakuna wa kubisha. Lakini yale makochi saba mekundu kwenye picha ni ya jirani, Mama Kariuki mwenye duka la simiti. Kwangu kuna viti viwili vya plastiki na benchi. Nilianza na picha moja tu, kwa sababu kitambaa juu ya plastiki kinateleza, halafu watu wakaanza kusifu makochi, ningefanya nini, niwakatize? Nikaongeza kidogo kwamba Barasa aliyaleta kutoka Kitale, lori zima.

Jana Akuwam ameandika: "Shule tumefunga. Jumamosi ya mwisho wa mwezi nakuja Lodwar, nalala kwako siku mbili, tumalize pamoja kile kitambaa cha altare ya kanisa." Nikakimbia kwa Mama Kariuki kuomba makochi. Akaniangalia juu mpaka chini. "Na mume je, nikukopeshe pia, ama wako anatosha kwa picha?" Barasa amecheka mpaka akatoka nje. Carol anasema nimwambie ukweli, lakini huyo ni msomi, hajui aibu ya mtu mzima.

Niseme nimesafiri msibani, ama nimlainishe Mama Kariuki kwa vitambaa? Sitaki kumpoteza Akuwam, shangazi. Wengine wote ni wa kunisifu tu.

Mama Byron, Lodwar

Mama Byron,

Pole kwa malaria, na anwani nimeipata, hata Byron akihamia chuo kikuu sitapotea. Hongera pia, maana sijawahi kusikia mwanamke anayemkimbia rafiki yake kwa sababu ya viti vya mtu mwingine. Na huo msiba ni wa nani? Umeshachagua ndugu wa kumuua, ama Barasa atapiga kura?

Hebu nikuulize. Ekiru alipokaa akingoja maziwa yachemke, siku nne, alikalia nini? Kochi jekundu? Mama, huyo jamaa alikalia benchi lako, na Akuwam alipompigia simu kuuliza hali ya mgonjwa, unadhani alimsimulia lori la Kitale? Akuwam anajua tangu mwezi wa tano. Anajua, na bado anataka kulala kwako.

Lakini usijifiche hapo. Wanawake mia moja na tisini walikupigia makofi, mmoja akakwambia ufumue. Yeye alikupa ukweli siku ya kwanza, wewe umemlipa makochi miezi tisa. Rafiki wa namna hiyo anapatikana kwa shida hata kwa watu wanaoishi mlango kwa mlango, na wewe umempata kwa simu, ukamwonyesha sebule ya jirani.

Kwa hiyo leo mpigie. Usiandike, ukiandika utapamba. Sema, "Makochi si yangu, niliona aibu," kisha usiongeze kitu. Akinuna, mwache anune, wewe mwenyewe ulinuna siku mbili kwa sababu ya pembe ya kitambaa. Mama Kariuki umpelekee kitambaa kimoja kizuri na asante, kwa kukupigisha picha bure miezi tisa, na makochi yake uyaache yalipo.

Jumamosi nenda mwenyewe stendi umpokee mzigo. Mpe kiti kile kisichopinda miguu. Kisha muulize habari za kwake, maana barua yako ndefu hivyo haijui kama huyo mwanamke ana hata mtoto mmoja. Muulize, halafu, na hili najua litakuwa gumu kwako, nyamaza mpaka amalize kujibu.

Shangazi Chepkirui