Asali Tuliyoimwaga

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti limeacha kukusumbua unapopanda ngazi. Sisi huku hatujambo, na safari hii nasema kweli: mjukuu wako, Chiriku wetu, amerudi nyumbani, na jana alimaliza sahani nzima akaomba nyingine. Najua unashangaa kupata barua badala ya simu. Mkwe wako, mama Chiriku, ndiye aliyeamuru. Amesema kwenye simu mimi huteleza kama sabuni, bora niandike, nisije nikakana baadaye.

Sijui hata nianzie wapi. Kichwa bado kimevurugika, kwa hiyo nivumilie nikirukaruka.

Unakumbuka ilivyoanza. Zilikuwa zimepita wiki mbili tu tangu uondoke kwetu, mtoto akaanza kulalamika tumbo. Halafu akapauka, akakataa chakula na, kubwa zaidi, akanyamaza. Mtoto wa miaka minne aliyekuwa akitusimulia hadi ndoto za viatu vyake, sasa anakaa pembeni ya kochi akitazama ukuta. Asubuhi moja akakakamaa mwili mzima mikononi mwa mama yake, macho yakageuka. Tulimkimbiza hospitali mimi nikiwa na kiatu kimoja, na hadi leo sijui kile kingine kiko wapi.

Hapo ndipo tulipotafuta wa kumlaumu. Mkwe wako akakumbuka ile chupa ya asali uliyotuletea, maana alikuwa akimpa mtoto kijiko kila asubuhi kama ulivyoelekeza. Tukaimwaga kwenye sinki, nami nikakupigia simu kukuambia usije kwanza. Ukasema sawa mwanangu, mtunzeni mtoto. Mama, hiyo sawa yako naisikia hadi leo.

Alilazwa siku tisa bila ugonjwa kujulikana, akapata nafuu, tukamrudisha. Baada ya wiki tatu yakaanza upya. Asali haikuwepo tena, lakini mkwe wako alisema huenda ilishaingia kwenye damu. Hoja yenyewe haikuwa na kichwa wala miguu, nami nilijua, ila nikaitikia tu. Ilikuwa rahisi kuitikia.

Mara ya pili tulipokelewa na daktari mwanamke, mfupi, anayeongea polepole. Alipima damu akatuambia ina madini ya risasi, tena mengi, na kwamba sumu hiyo hupanda hadi kwenye ubongo. Akauliza kuhusu rangi za kuta, mabomba ya maji, masufuria, na kazi tunazofanya. Mkwe wako akasema yeye ni fundi cherehani. Mimi nikasema natunza stoo ya duka la vifaa vya ujenzi.

Mama, ni miezi saba sasa sijatunza stoo yoyote. Walinipunguza kazini, nikaona aibu, kwako hasa, maana ulishazoea kunitaja kwa majirani kuwa ni bwana stoo. Kila asubuhi nilikuwa nikitoka na shati lililopigwa pasi, nikilivua nyuma ya gereji moja, nikivaa ovaroli na kuyeyusha risasi ya betri kuukuu za magari. Jioni nilioga kwa sabuni ya unga, nikavaa shati langu, nikarudi nyumbani bwana stoo. Daktari alipouliza, mke wangu alikuwa amesimama kando yangu, na ulimi ukatoa uongo uliouzoea. Sijui kama sikujua au sikutaka kujua. Siku mbili nzima daktari akahangaika na mabomba ya nyumba yetu.

Siku ya tatu mkwe wako alikwenda nyumbani kuchukua nguo, nikabaki wodini na Chiriku. Akaninong'oneza akiniomba nimletee bata wake. Huyo bata nilimtengeneza mwenyewe kule gereji, kwa risasi niliyoyeyusha na kuimimina kwenye mchanga mkavu, ukubwa wa kidole gumba. Alimpenda kuliko midoli yake yote. Nilimkataza kumwonyesha mama yake, maana angeuliza nimempata wapi, nikamwambia hiyo ni siri yetu wawili. Nikamuuliza bata yuko wapi. Akasema chini ya godoro. Nikamuuliza mama akiingia chumbani ghafla huwa anamficha wapi. Akafungua mdomo, akanionyesha ndani ya shavu.

Sikumbuki nilivyomfikia daktari. Nilimwambia yote palepale koridoni, watu wakipita. Aliandika, akasema ingefaa angeyajua siku ile ya kwanza. Hakunifokea, na mimi nilitamani anifokee. Wakampa mtoto dawa ya kuondoa madini hayo, na kila kipimo kikawa afadhali kuliko kilichotangulia. Kuhusu ubongo, tumeambiwa tusubiri tuone atakapoanza shule.

Nilipomweleza mkwe wako, aliuliza jambo moja tu: kama bata nilimwekea hata macho. Nikasema ndiyo, nilimtoboa kwa msumari. Tangu hapo hajauliza kitu. Chai ananiwekea kama kawaida, nami sijui nimesamehewa au zamu yangu bado. Gereji nimeacha. Sasa namshonea vifungo kwenye nguo za wateja wake, na vingi vinadondoka.

Tulikukosea, Mama, na mimi zaidi, kwa sababu nilipoujua ukweli niliendelea kukaa kimya wiki nne nyingine. Mkwe wako naye anakuomba radhi. Njoo, tafadhali. Kama huwezi kunitazama mimi, njoo umtazame yeye.

Siku tuliyotoka hospitali alinishika sikio akaniuliza kama aliitunza vizuri siri yetu. Nikamwambia aliitunza vizuri sana. Mama, ningemjibu nini?

Wasalimie wote hapo nyumbani, na majirani pia, uwaambie kazi yangu ya kweli.

Ni mimi mwanao,
Kitindamimba wako