Ufunike Saa Mbili Uoke

Jumatatu, 4 Agosti

Tofali la tatu. Nimelitoa kwenye oveni, nikaligonga kwa kisu – ko! ko! – Mama akauliza kutoka uani nani anabisha hodi. Sikucheka.

Maelezo ya Bibi ya mkate wa sikukuu ninayo mbele yangu. Kipande cha boksi la sabuni, mwandiko umelala upande, hakuna nukta wala koma, utadhani alikuwa hapumui akiandika: *unga vikombe vitano hamira ncha ya kijiko maziwa vuguvugu sukari siagi zabibu ukande mpaka mkono uchoke ufunike saa mbili uoke*. Basi. Nimefuata neno kwa neno. Mimi ni mtu wa duka la dawa, miaka kumi na moja kazi yangu kupima. Vikombe vitano ni vitano. Mkono umechoka kweli. Nikafunika saa mbili, simu ikinihesabia. Donge limelala pale pale nilipoliacha, limenuna.

Sikukuu ya kanisa letu ni Jumapili ya tarehe 17.

Jumatano, 6 Agosti

Mama anasema ongeza hamira, baba, ncha ya kijiko itaumua nini? Nikamwambia Bibi kaandika ncha. Akasema huyo alikuwa bahili wa hamira tangu siku nilipoolewa ukoo huu.

Nimeongeza. Umeumuka, sikatai, mpaka ukanyanyua kitambaa. Lakini ladha! Hamira tupu. Nyumba nzima inanuka kilabu cha pombe. Mkate wa Bibi ulikuwa na matundu makubwa, na uchachu wa mbali, unaukuta ukishameza. Huu wangu tumempa jirani, kuku wake wale.

Jumamosi, 9 Agosti

Shangazi kapiga simu. Kwangu, si kwa Mama. Hao wawili hawajasemezana tangu mazishi ya Bibi. Mama aligawa nguo za marehemu kwa majirani kabla Shangazi hajachagua hata kitambaa cha kichwa. Mama anasema alidhani anasaidia. Shangazi anasema alidhaniwa mgeni kwao. Mimi ndiye posta: mwambie wifi yangu hivi, mwambie wifi yangu vile. Nimechoka!

Mwaka huu, kasema, sikukuu atakula kwake. Nyumba ile haina mtu wake tena. Mdomo wangu ukatangulia: Shangazi, njoo, naoka mkate wa Bibi.

Akasema haya, nitakuja asubuhi nionje. Ukiwa mkate wa mama yangu, nakaa. Ukiwa kitu kingine navaa viatu vyangu, na huko kwenu msinitafute tena.

Shangazi hatanii. Nilipokuwa mdogo alisema hatakanyaga kwa dada mmoja wa kanisani, na hajakanyaga mpaka leo. Baba hayupo, Bibi hayupo. Huyu akivaa viatu, upande ule nabaki mimi peke yangu na kipande cha boksi la sabuni.

Jumapili, 10 Agosti

Tofali la tano. Nimepunguza maziwa. Sitaki kusema chochote.

Jumanne, 12 Agosti

Leo nimeaibika, na nimefurahi mpaka nimeogopa.

Mzee mmoja, fundi viatu, karudi dukani na vidonge vyake vya tumbo. Siku nne, hajaona nafuu. Nikamwuliza, mzee wangu, unameza vipi? Kama ulivyoandika, daktari, saa nane. Taarifa ya habari ya mchana ikianza tu, nameza kimoja. Nikachukua pakiti. Mwandiko wangu: *kidonge 1 saa 8*. Ala! Nilikusudia kila baada ya saa nane, usiku na mchana. Nikamwomba radhi, nikamwandikia upya kwa herufi kubwa. Akacheka kwa meno yake mawili. Saa nane si ni saa nane, mwanangu? Bosi kanitazama juu ya miwani, akarudi kwenye hesabu zake. Angenigombeza ingekuwa nafuu.

Nikaendelea na kazi nikijilaumu. Kibandiko cha pili, cha tatu. Nikafika kwenye dawa ya mtoto mmoja, nikaandika *saa 2*, kalamu ikasimama.

Ufunike saa mbili uoke.

Ufunike. Nukta! Saa mbili, uoke.

Si muda. Ni saa. Kumbe hamira ni ncha ya kijiko kwa sababu ina usiku kucha wa kufanya kazi! Unakandwa jioni, unaokwa asubuhi. Na mimi naupa saa mbili na kengele ya simu, halafu nauita tofali! Mtu anayeandika vibandiko vya dawa! Nimecheka peke yangu nyuma ya kaunta mpaka mama wa mtoto akauliza kama dawa ni yenyewe.

Jumatano, 13 Agosti

Nimempigia Shangazi. Shikamoo, marahaba, nikaenda moja kwa moja: zamani, saa mbili asubuhi, kulikuwa na nini pale nyumbani?

Akasema, sauti ndogo, si yake: saa mbili ndipo Baba alipokuwa anafika. Babu alikuwa zamu ya usiku kwenye mtambo wa maji. Anatoka saa moja, baiskeli mpaka nyumbani, saa mbili yuko mlangoni. Siku za mvua ndiyo alichelewa, anaikokota kwenye matope. Mkate je? Kasema hajui. Asubuhi ya sikukuu watoto walikuwa wanatumwa kuamkia majirani, wakirudi wanakuta mkate mezani, Babu keshakata cha kwanza.

Bibi alikuwa anautia motoni akimwona mlangoni! Aule wa moto.

Sasa nakumbuka. Babu sikumjua, alifariki nikiwa mchanga. Lakini nikilala hapa kwa Bibi likizo, kabla hatujahamia, nina miaka sita, saba, asubuhi ya sikukuu namkuta amesimama jikoni, mikono ina unga, anaangalia getini. Bibi, mkate bado? Bado, mume wangu, mwenyewe hajafika. Nilidhani mwenyewe ni mkate! Nilikuwa nachungulia beseni nione kama mwenyewe amefika. Kumbe alikuwa bado anamngoja mumewe, miaka yote ile, halafu ndiyo anaoka.

Nimelia. Acha niandike hivyohivyo, nimemsimulia Mama nikilia kama mjinga.

Ijumaa, 15 Agosti

Siku zote hizi naingia kazini saa moja, sijaweza kujaribu. Itakuwa mara moja tu, siku yenyewe. Mtu wa duka la dawa anampa mgonjwa dawa ambayo hajaijaribu!

Jumamosi, 16 Agosti

Nimekanda jioni mpaka mkono umechoka. Mama alikuwa mlangoni ananiangalia. Nikatafuta kitambaa cha kufunikia. Akaenda chumbani, karudi na kitambaa cha kichwa cha Bibi, kile cha bluu, kimefuliwa na kupigwa pasi. Nikamtazama. Kasema hicho hakukigawa, alishindwa. Mwambie wifi yangu... Akakatisha. Hapana. Usimwambie kitu.

Beseni liko juu ya sanduku la Bibi. Sichungulii.

Jumapili, 17 Agosti. Sikukuu

Saa moja na nusu. Umeumuka! Taratibu, umejaa beseni, unatetemeka ukiugusa. Una harufu ile ya mkate wa Bibi! Nimemwita Mama, kainama, kanusa, kaenda kuosha sahani ambazo ni safi.

Saa mbili kasoro robo. Shangazi kafika, amelowa, mvua imeanza. Viatu hajavua. Kamsalimia Mama kwa kichwa, Mama kamjibu kwa kichwa. Oveni ina moto, mkate hauko ndani. Akaniuliza, mbona hujaoka, au ndiyo tofali lenyewe hilo? Nikasema, bado saa mbili, Shangazi.

Akaliona beseni, na kitambaa. Kakiondoa mwenyewe, kakikunja mara mbili, mara nne, kakiweka mapajani. Mama kaona. Naandika hapa kwenye kona ya meza maana sijui nitie wapi mikono yangu.

Saa mbili kamili. Nimeinuka, nimeshika beseni. Mama ananong'ona maneno ya Bibi, kwa nani sijui: mwenyewe hajafika.

Shangazi kageuka kumtazama. Mara ya kwanza tangu mazishi. Halafu akaangalia dirishani, mvua inapiga getini.

Ngoja kidogo, ananiambia. Siku za mvua alikuwa anachelewa.

Nimeliweka beseni chini. Mama kavuta kiti, kakaa kando yake. Saa mbili na dakika nne. Tunaangalia geti.