Mpima Kelele na Jibu Langu

Jumatatu, 6 Machi

Mvua asubuhi, jua mchana, mvua tena. Walthamstow hiyo, pembeni mwa London. Nimeoka keki ya ndimu, imeumuka vizuri ajabu.

Mtaa mzima una furaha. Watu wa reli wamekubali! Alhamisi wanamleta mpima kelele. Yewande wa ghorofa ya juu alishuka ngazi mbio, mtoto begani: "Anti Doreen, wanakuja! Na wanakuja kwako!" Kwangu, kwa sababu mimi ndiye niliye chini kabisa, na treni ya chini ya ardhi inapinda kona papo hapo chini ya sebule yangu. Nyumba moja itapimwa kwa niaba ya mtaa wote. Ikionekana tunateseka, wataleta mashine ya kusugua reli na mipira mipya ya kuweka chini yake. Isipoonekana, basi. Foleni ndefu, na mitaa mingine nayo inalia.

Yewande amesema, akicheka lakini si kicheko kamili: wasiposugua, mkataba wake wa nyumba ukiisha mwezi wa tano anahama. Mtoto halali. Treni ikipita tu, macho kodo! Ezra huyo, ana miezi saba na mashavu ya kumtosha mtu mzima. Kila siku saa nne ananiletea hayo mashavu niyabusu. Ahame? Thubutu!

Alhamisi, 9 Machi

Mpima kelele amekuja. Gurdeep Bhogal, kijana mpole. Viatu alivua mlangoni bila kuambiwa. Akaweka kisanduku chake chenye miguu mitatu katikati ya zulia, akaomba nisiongee. Tukakaa kimya kama tuko kanisani.

Treni ikaja. Vikombe vikaanza kutembea kabatini, picha ya harusi ikaenda upande, dirisha likanguruma. Akatazama namba zake, akavimbisha mashavu. Zaidi ya alivyotegemea, akasema. Na huko ndani ya handaki ni kama kusimama karibu na mashine ya kuvunjia zege! Kwenye kona magurudumu yanaila reli, reli inafanya mawimbi madogo madogo, na hayo mawimbi ndiyo yanayopiga kelele. Alieleza vizuri, nikaelewa. Keki alikula vipande viwili. Mtu mwenye adabu.

Mwisho akauliza: "Bi. Tapley, namba zangu si kila kitu. Ofisini wanataka neno lako pia. Toka moja hadi kumi, inakusumbua kiasi gani?"

Nikamwambia: "Ah, si mbaya sana. Mtu unazoea. Tuseme… mbili?"

Akaandika. Tukaagana vizuri. Siku njema kabisa.

Ijumaa, 10 Machi

Lo!

Yewande kaniuliza nilijibu nini. Nikamwambia. Akakaa pale pale kwenye ngazi.

"Mbili? Anti, mbili? Si juzi tu kikombe kilikuangukia kichwani?"

"Kilikuwa kidogo."

"Anti!"

"Sasa ningemwambiaje, mwanangu? Mgeni ndiyo kwanza kaingia, kavua viatu, nimmwagie matatizo yangu?"

Mtu akikuuliza habari, unasema nzuri. Hata nyumba ikiwaka moto unasema nzuri kwanza, ndipo unaomba ndoo. Ndivyo nilivyolelewa, na sikuona ubaya wake mpaka leo.

Hakunikasirikia. Heri angenikasirikia. Alinibusu shavuni, akasema basi, ataanza kutafuta nyumba kule Chingford. Treni ya chini ya ardhi haifiki huko, kimya kitupu. Mzee Stan wa ng'ambo ya barabara alikuwa ameshapata habari. Amenisalimu kwa nyusi tu.

Jumapili, 12 Machi

Tumekwenda mjini, mimi na Yewande na Ezra, kwa treni hiyo hiyo. Ezra kavalishwa viziba masikio vyekundu, anafanana na rubani. Safi sana.

Katikati ya safari kelele ikapanda. Kilio cha chuma juu ya chuma, mpaka meno yanawasha. Behewa zima, hakuna aliyeinua uso. Bwana mmoja mbele yangu, suti ya maana, kaziba masikio kwa vidole, macho kafumba, gazeti limemwangukia miguuni. Ilipopungua nikamwambia, kelele hizi jamani! Akatoa vidole, akatabasamu. Hapana, hapana, akasema, si mbaya. Kisha kona nyingine ikaja, akavirudisha vidole vyake.

Nimecheka mpaka machozi. Yewande akaninong'oneza: "Umemwona ndugu yako?"

Halafu nikaacha kucheka. Nilimkumbuka Ron wangu, marehemu mume wangu. Kifua kilimbana wiki nzima, na daktari alipomuuliza alimjibu kwa sauti ile ile ya bwana wa suti. Si vibaya, daktari. Nilikuwa nimekaa pembeni yake, na nilijua. Miaka tisa imepita, na leo nimemkasirikia ndani ya treni, mbele za watu. Nampenda, lakini nimemkasirikia.

Tulikula samaki na chipsi. Ezra kaonja chipsi moja, kaitema kwenye koti langu. Jumapili nzuri, pamoja na yote.

Jumatano, 15 Machi

Nimepiga simu kwa watu wa reli. Yewande kasimama pembeni kama askari.

Mara ya kwanza nilimuuliza dada wa simu kama na kwao kunanyesha, nikamshukuru, nikakata. Yewande kajishika kichwa. Mara ya pili dada akaniuliza, una malalamiko? Nikasema si malalamiko hasa. Nikakata tena!

Mara ya tatu akili ikanijia. Kulalamika siwezi, ila kuomba radhi — hapo usiniguse! Nikamwambia dada, naomba radhi sana, nilimdanganya kijana wenu, na dhamiri inanisuta. Akacheka, akasema usijali, mama, atarudi Jumanne. Lakini iwe mara ya mwisho. Wakishapanga mitaa ya kusuguliwa, hawapangui.

Yewande kanikumbatia mpaka mbavu zikalia. "Sasa Anti, akikuuliza tena?"

"Nitamwambia ukweli."

"Hebu sema nikusikie."

Nikasema ni mbaya. Kumbe nimesema huku natabasamu, na mwisho nikaongeza "kidogo". Nimejaribu tena peke yangu mbele ya kioo. Mdomo unakwenda juu wenyewe. Nikijitahidi kununa nafanana na marehemu shangazi Winnie, na hakuna aliyewahi kumwonea huruma yule.

Jumatatu, 20 Machi

Yewande kapata nyumba Chingford. Vyumba viwili, bustani. Anatakiwa kujibu keshokutwa. Alinionyesha picha, nikamwambia inapendeza.

Inapendeza! Mdomo huu!

Jumanne, 21 Machi

Yuko sebuleni. Naandika huku jikoni, nimesimama, birika linachemka.

Viatu alivua tena. Hapo mlangoni akaniuliza, hujambo Bi. Tapley? Nikajibu sijambo kabisa, asante, kabla akili haijafika. Yewande kwenye kochi akafumba macho. Nikasema ngoja nilete chai, nikakimbilia huku. Chai yenyewe imeshaiva zamani. Naogopa kutoka.

Treni imepita sasa hivi. Ezra alikuwa ameanza kusinzia, amelipuka kilio, na Yewande anamwimbia taratibu kwa sauti iliyochoka. Nikisema mbili tena, wimbo huu siusikii tena humu ndani. Wala kilio cha Ezra.

Gurdeep ananiita: "Bi. Tapley, mambo yanakwendaje huko?"

Swali dogo tu. La chai, si la kelele.

Nimesema: "Vibaya!"

Nimesema kwa sauti! Nadhani Mzee Stan kasikia ng'ambo ya barabara. Miaka sabini na moja, na neno hilo sijawahi kumpa mgeni. Nimeongeza: "Vibaya sana! Wiki nenda, wiki rudi!" Sikuomba radhi.

Wimbo umekatika sebuleni. Hata Ezra kaacha kulia.

Nasikia soksi zake zinakuja. Yuko mlangoni, kompyuta yake mkononi, uso umebadilika. Anauliza, vibaya kiasi gani, Bi. Tapley? Nyuma yake Yewande kanyoosha vidole vyote kumi. Mimi naendelea kuandika ili nisimtazame, lakini mdomo wangu, Mungu wangu, mdomo hautabasamu hata —