Kona za Baba

Lushoto,
Jumatatu jioni.

Kwako kaka Martin,

Shikamoo. Natumaini wewe, wifi na binti yenu mchanga hamjambo huko Morogoro. Sisi tunavuta pumzi, ingawa baridi ya huku unaijua. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu nikishika simu tu Baba husogea na kutega sikio. Jirani yetu Stephano anasafiri kesho, atakufikishia.

Wiki iliyopita, shule zilipofunga, nilimpakia Baba kwenye pikipiki yake ileile ya uinjilisti, tukaenda kutembea siku mbili, Mlalo mpaka Mtae. Usinigombeze, aliomba mwenyewe. Alisema kabla hujampeleka kufanyiwa upasuaji wa macho Desemba, anataka kuiona tena njia yake, kwa kuwa amechoka kutazama ukuta wa sebule. Nami nilitaka aione wakati jicho la kushoto bado lina nuru, kama anavyotuambia kila siku.

Kaka, sijawahi kupakia abiria msumbufu kama Baba. Tangu Magamba alikuwa akinifundisha kuendesha, mimi mwalimu mzima mwenye leseni. Mara nipunguze mwendo, kona ya kulia inakuja. Mara nipige honi, malori ya kabichi hayana adabu hapa. Na kila kona aliyoitaja ilikuwepo. Nilifurahi mno, nikaanza hata kupanga nitakavyokuambia kwamba jicho linapata nafuu. Usiku tulilala Mlalo kwa shangazi Raheli, akatupikia makande.

Kesho yake, tukikaribia Mtae, Baba akaniambia nikunje kulia. Kona hiyo haipo tena. Mvua za masika ziliiporomosha, na sasa barabara imechongwa kushoto, katikati ya shamba la mtu. Pale pa zamani ni korongo tupu. Nilikunja kushoto, yeye mwili wake ukalala kulia, nusura tuanguke. Nilidhani amesinzia.

Mtae tulikuta ukungu mzito, gurudumu la mbele nililiona kwa shida. Baba akavua kofia, akaninyooshea kidole mbuga ya Mkomazi, akanionyesha milima ya Upare, hata vumbi la ng'ombe huko chini. Akaniuliza kama nauona uzuri huo. Nikamjibu kwamba nauona. Nilikuwa nimemshika koti huku nalia, naye hakujua.

Baba haoni, kaka. Macho yote mawili, na sijui tangu lini. Leo asubuhi nilikwenda peke yangu kwa daktari wake. Alisita kwanza, kisha akaniambia Baba alimsihi asituambie. Presha ya macho imekwisha kuua mishipa, na hakuna upasuaji utakaorudisha kitu. Usihangaike tena kutafuta hospitali. Wewe njoo tu, akusikie.

Naandika haya mezani, Baba amekaa mbele yangu na chai yake. Anajua nakuandikia, ila hajui nini. Anakusalimu sana, anasema Mtae bado ni Mtae na ameiona yote. Tena anaomba Desemba umletee picha ya mjukuu wake iliyosafishwa, tena kubwa, kwa sababu ile ya kwenye simu ni ndogo, haioni vizuri.

Tafadhali usiache kuileta.

Msalimie wifi, nibusie mtoto.

Ni mimi mdogo wako,
Evodia