Rangi Mbili kwa Kila Mafua

Jumanne, Mchafukoge

Bado nimekasirika. Nilikwenda duka la dawa pale Kariakoo kuuliza kuhusu kikohozi cha mama, na muuzaji akanikatia vidonge vya rangi mbili kabla sijamaliza sentensi.

"Mafua hayo, mzee. Asubuhi na jioni."

Mafua! Mafua ni pua kuchuruzika, chafya na koo kuwasha. Ni virusi, na vidonge vile ni antibiotiki, haviui virusi. Mama hana hata kamasi. Ana homa kali, kifua kinamchoma, na anahema akiwa amekaa. Nikamwambia hayo yote, tena kwa sauti.

"Wateja wote wanachukua hizi, hakuna aliyerudi kulalamika."

"Aliyekufa atarudije?"

Foleni ikacheka. Mimi sikucheka. Nikaviacha pale kaunta.

Nyumbani nikakuta mama ameshameza vya rangi zilezile, alivyopewa na jirani. Naye anang'ang'ania ni mafua tu, kwa sababu kesho ni hitima ya shoga yake, na anajua nikimpeleka hospitali watamlaza.

"Ugomvi wako na muuza dawa peleka gazetini," akaniambia nilipomsimulia ya dukani. Akaanza kucheka, pumzi ikamkatikia katikati.

Hapo woga ukaizidi hasira yangu. Nimeita bajaji, naandika huku nikisubiri avae. Amechagua baibui jipya, lile aliloliweka kwa ajili ya hitima, nami sijathubutu kumwambia kitu.