Picha Yako Tumeitoa Kwenye Filamu

Sandringham,
Auckland.
Tarehe 9 Agosti 2023.

Mpendwa Shangazi Saw Kuen,

Kabla ya lolote, u mzima? Safari hii siulizi kwa mazoea. Tumeandikiana barua nyingi, kila mmoja akijibu "sijambo" bila hata kujipapasa. Leo nataka ujipapase. Miguu bado inavimba? Usingizi wa mchana je, unakuchukua ghafla au unakujia taratibu? Ukiamka, mikono ina joto? Nijibu moja moja, na usimwachie Kaka Kam Weng akujibie. Mwanao yule hata nyumba ikishika moto atasema ni joto la kawaida la Ipoh.

Sisi huku hatujambo. Baridi inauma mifupa na mvua ikiingia haijui kuaga. Seng Huat wangu bado yuko kwenye kiwanda cha mikate, tunapishana mlangoni kama walinzi wa zamu. Ah Lok ameota meno mawili, na anayajaribia kwangu kila akinyonya. Nimechoka, Shangazi, lakini ni uchovu wa mtu aliyejaliwa, kwa hiyo silalamiki.

Barua yako ya mwezi uliopita nimeisoma mara nyingi. Ulikuwa na furaha sana, na furaha hiyo ndiyo iliyonichelewesha kujibu, maana nina neno ambalo hutalipenda. Naliweka hapa mapema ili usihangaike kulitafuta: picha yako tumeitoa kwenye filamu. Imetoka na hairudi. Sasa kaa, nikueleze.

Unamjua kwa barua Mama Urmila, yule Mhindi wa Fiji niliyepewa anilee katika kazi hii. Ni ule mpango wa watengeneza filamu wa Kiasia, wazoefu wanawashika mkono wachanga. Huku sote tunaitwa Waasia, kana kwamba tumepikwa chungu kimoja. Mkorea, Mfilipino, Mkambodia, Mama Urmila na mimi tunakaa meza moja, na jambo pekee tunalokubaliana ni kwamba chai ya pale ofisini ni maji ya kunawia.

Filamu yangu ni fupi. Binti anarudi nyumbani kumzika shangazi yake, anachelewa, anakuta picha tu juu ya meza ya marehemu. Picha hiyo ilihitaji uso, na uso ukajitolea wewe mwenyewe. Ukanitumia ile uliyopigwa studio mapema kwa ajili ya mazishi yako, siku itakapofika, umevaa koti la buluu, macho mbele. Uliandika kwamba inakaa kabatini bure. Ukasema uliuza tiketi dirishani kwenye sinema ya hapo mtaani kwenu Menglembu ujana wako wote, na ndani ulikuwa unaingia filamu ikishakwisha, kufagia maganda ya karanga. Ulitaka angalau sura yako ikae juu ya kile kitambaa cheupe cha sinema tangu mwanzo. Ni nani angeyakataa maneno hayo?

Desturi yetu Wachina niliifuata. Anayeigiza maiti hupewa bahasha nyekundu yenye pesa, ili aliyeingia mautini kwa mchezo apate mlango wa kutokea. Nilikutumia yako. Ukairudisha. Ukasema baina ya ndugu hakuna malipo na nisikutie aibu. Sikulaumu, kwetu mtu asiposukumana na bahasha kwanza ataonekana mlafi. Lakini ile haikuwa zawadi, Shangazi. Ilipaswa nikusukumie tena na tena mpaka uishike, nami nilikuwa na mtoto mgonjwa wa mafua, nikaitia kwenye droo ya nepi.

Siku ya kupiga filamu tuliazimwa nyumba ya watu. Binti aliyekuwa anapamba, Mhindi wa Fiji naye, kwao picha ya aliyefariki huvikwa shada la maua. Akakuvika maua ya manjano kwa heshima zote. Mimi nikaweka machungwa na ubani wetu. Mama Urmila akasimama akakutazama, akasema, "Huyu amekufa kwa desturi mbili. Akitaka kufufuka ataomba ruhusa ofisi mbili." Tulicheka. Na mimi nilicheka.

Halafu ikaja jioni ya kujuana. Ndiyo siku ambayo sisi wachanga tunakutanishwa na wenye televisheni na wenye matamasha. Filamu zinaonyeshwa, kisha watu wanazunguka na glasi, wanapeana kadi. Unanijua. Kutabasamu na kurudia jina langu kwa watu wanaoogopa kulitamka kunanichosha kuliko kufua. Filamu yangu ilipokwisha Ah Lok akaanza kulia. Nikatoka naye, nikakaa kwenye korido, kiti cha karibu na makoti, nikamnyonyesha mpaka watu walipoanza kuondoka. Sikuongea na mtu.

Akanijia Bwana Hadley wa televisheni, mtu mrefu mwenye haraka. Akanishika mkono akasema, "Shangazi yako hakuniachia mpaka nikampa kadi. Una wakili mzuri."

Nikamwambia shangazi yangu yuko Malaysia. Akacheka, akasema basi yule bibi wa koti la buluu, mwenye mikono baridi, yeyote awaye, amemweleza kazi zangu zote, na angependa tuzungumze.

Shangazi, picha yako kwenye filamu tuliifanya nyeusi na nyeupe. Ya rangi nilikuwa nayo mimi, na siku ile ilikuwa nyumbani kwangu, ndani ya bahasha ya khaki. Ukumbi mzima hakuna aliyeona koti la buluu.

Nikamuuliza Ha-eun, yule Mkorea. Akasema ndiyo, bibi mmoja alimwomba amwonyeshe aliyekuja kutoka tamasha la Wellington. Nikamuuliza bibi huyo aliongea lugha gani. Akafikiri sana, uso ukambadilika. Akasema hakumbuki lugha. Anakumbuka tu kwamba alimwelewa.

Nilipofika nyumbani nikafungua mfuko wa nepi. Mlikuwa na kadi, fungu zima, zimefungwa kwa raba, kona zote zimelingana sawasawa kama vishina vya tiketi.

Kesho yake Kaka Kam Weng akapiga simu, anacheka kama kawaida yake. "Mama jana kalala kitini tangu chakula cha mchana mpaka magharibi. Kaamka ananilalamikia eti huko alikokuwa mikate ina samaki mbichi na hakuna aliyemkaribisha chai." Kisha barua yako ikafika, ukanieleza ndoto nzuri ya ukumbi wenye zulia la kijani, na watu warefu, na jinsi ulivyozunguka ukinitaja kwa kila mtu. Zulia la pale ni la kijani. Sikuwahi kumwambia mtu yeyote habari za zulia.

Mimi si mwepesi wa kuamini kila kitu, na nakwambia ukweli, mwanzoni nilinyamaza kwa sababu mambo yalikuwa matamu. Watu wa zile kadi walijibu. Bwana Hadley akaitaka filamu. Tamasha likaitaka, ionyeshwe mji hadi mji. Nilipomweleza Mama Urmila, hakushtuka. Akasema, "Shangazi yako ana bidii kuliko wewe. Mtu akija kukusaidia usimuulize kapita mlango gani."

Kisha ikaonyeshwa mara ya pili, alasiri, kwa wanafunzi. Dada wa mlangoni alinisimamisha nikitoka. Akasema kwa huruma, "Shangazi yako leo amechoka sana. Nilimpa kiti akakataa. Alisema amebakiza mtu mmoja wa kuzungumza naye."

Saa ile ile kwenu ilikuwa kabla ya adhuhuri, na wewe ulikuwa sokoni kwa Bibi Ngan kununua machipukizi ya maharagwe. Unasema ulisinzia kidogo. Hukusinzia, Shangazi. Bibi Ngan alikutikisa, akakumwagia maji, akakupigia kelele sikioni, mpaka akaanza kulia kwa kudhani umekufa juu ya kigoda chake. Kaka Kam Weng aliponieleza hakucheka hata mara moja. Alisema, "Nilimshika mkono. Ulikuwa baridi kama samaki aliyetoka kwenye barafu." Sikuwahi kumsikia ndugu yangu akiongea kwa sauti ile.

Siku hiyo hiyo nilimfunga Ah Lok mgongoni nikaenda kwa Mama Urmila, maana ndiye anayehariri. Nikamwambia akutoe.

Tulibishana, na yeye ni mkubwa kwangu. Aliniambia amelea vijana wengi na hakuna aliyewahi kuitwa na watu wale. Alisema, "Katika kazi hii kila mtu ana wa kumtangulia mlangoni. Mimi sikuwa naye. Miaka thelathini nimebisha hodi peke yangu. Wewe umempata, unamfukuza?"

Nikamwambia, "Mama, anayenitangulia haoni njia ya kurudi."

Akanivutia kiti. Nikamweleza ya sokoni, na ya bahasha iliyorudishwa. Hakuuliza tena. Akavaa miwani, akawasha mashine, akaanza kukata, kipande kwa kipande, mchana kutwa. Mimi nilikaa nyuma yake nikimbembeleza mtoto.

Kilipobaki kipande kimoja aliacha. Akaniita nitazame. Maua ya manjano yalikuwepo, machungwa yalikuwepo, moshi wa ubani ulikuwa unapanda. Katikati ya fremu hamkuwa na mtu. Kioo kitupu, cheupe. Alisema ni mwanga wa dirisha umepiga kwenye kioo, jambo hilo hutokea. Nikamuuliza mbona jana halikuwepo.  Alikata na kile, akainuka, akaenda kunawa mikono.

Bwana Hadley ameandika kwamba bila uso ule filamu haina moyo, na kwamba ataangalia kazi yangu nyingine siku moja. Tamasha nalo limejitoa. Usilie kwa ajili yangu. Nitajifunza kushika glasi. Nitalitamka jina langu mbele yao mpaka walizoee, nikiwa na mtoto mgongoni, na safari hii Mama Urmila amesema atasimama nami pale pale badala ya kunitazama kutoka mezani. Ameniambia ni kosa lake, aliniacha korido peke yangu. Kazi ya kunijulisha kwa watu ilikuwa yake, wewe ukamfanyia.

Sasa yako. Humu ndani nimerudisha bahasha nyekundu. Sitaki heshima wala kusukumana. Ifungue mbele ya Kaka Kam Weng, na pesa zitumie siku hiyo hiyo, zote, kwa vitu vitamu. Vaa chochote chekundu. Ukizirudisha nitapanda ndege na mtoto nije nikutilie mfukoni mbele ya soko zima, uone aibu ya kweli ilivyo.

Na ukilala mchana ukajikuta kwenye zulia la kijani, usizunguke. Usimtafute mtu wa televisheni wala wa tamasha. Usiseme bado mtu mmoja. Geuka, utoke kwa mlango ulioingilia. Najua ulivyopenda kuwa ndani filamu ikianza, na kukunyima hilo kunaniuma kuliko kadi zote. Lakini nakutaka Menglembu, ukiwa na joto mikononi, kuliko ninavyotaka kujulikana.

Nisalimie Kaka Kam Weng, mwambie ruhusa ya kucheka nimemrudishia. Msalimie mkewe Pui Yee na vijana wao. Bibi Ngan mpe mkono kwa niaba yangu na umwombe radhi kwa kumliza. Nakuombea miaka mingi yenye usingizi mwepesi, kila ukilala uamke ulipolala.

Nilikuwa nimeshafika mwisho. Lakini Ah Lok, ambaye muda wote huu alikuwa sakafuni akigonga sufuria, ameacha. Anatazama kwenye korido. Hapana mtu, nimeinuka nikaenda hadi mwisho wake kuhakikisha. Hata hivyo anacheka na meno yake mawili, na ameinua mikono yote juu, kama anavyoinua kwa mtu anayeinama kumchukua.

Kama ni wewe, mbebe kidogo. Halafu rudi nyumbani, Shangazi, jua la kwenu bado halijazama.

Mimi binti wa kaka yako, nikupendaye, na leo tu nikuamuruye,
Yoke Sim